Uzi wa Nne wa Ligombo

Kwa miezi minne sasa chumba changu cha kurekodia hapa Kihesa kimekuwa na mgeni ambaye sikumtarajia nilipokifungua, nalo ni ligombo la zamani la mzee mmoja wa Kalenga ambaye mimi humwita Babu. Hatuna udugu wa damu; yeye na marehemu babu yangu walichunga ng'ombe pamoja walipokuwa wadogo, na kwetu hilo linatosha. Vijana wenzangu wanaotengeneza muziki hapa Iringa, na wengine wa Mbeya na Makambako, wamekuwa wakiniuliza nimelirekodi vipi hadi likasikika hivyo, nami nimekuwa nikiwajibu kwa ujumbe mfupi ambao haukuwafaa. Leo nimekaa niandike kwa kirefu, kwa kuwa kazi hii ilinifanya mwanafunzi tena, na walimu wangu walikuwa Babu, fundi wa redio na shangazi yangu anayesuka vikapu.

Kwa msomaji asiyelifahamu, ligombo ni chombo cha nyuzi cha Wahehe. Ni ubao uliochongwa ukawa na bonde la kina kifupi, mfano wa sinia nyembamba, na juu ya bonde hilo hupitishwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi kutoka ncha hadi ncha, ukishikwa na meno yaliyochongwa pande zote mbili, hata mtu akiutazama kwa mbali hudhani ni nyuzi nyingi. Kibuyu hufungwa kwenye ubao ili kuikuza sauti. Ndugu zake ni inanga ya Warundi na Wanyarwanda na enanga ya Wahaya. Ligombo la Babu lina mapito sita, ambayo hapa nitayaita nyuzi sita kama yeye mwenyewe anavyoyahesabu. Uzi wake ni mshipi wa nailoni ulionunuliwa kwa wavuvi wa Mtera. Kwa kuwa uzi ni mmoja, kulitega ligombo, yaani kuziweka sauti zake mahali pake, ni kazi ya subira: ukivuta pito moja, la jirani nalo husogea, na Babu huweza kutumia nusu saa nzima akivuta na kulegeza, akigonga kwa kidole na kuinamisha sikio, kabla ya kutamka neno lolote.

Sisi maprodyuza wa mikoa hii tumelelewa na kompyuta. Wengi wetu tulianza na FL Studio, programu iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, tukiifungua kwenye kompyuta ya kuazima na kusikiliza kwa spika za redio ya nyumbani. Tangu Rayvanny, kijana wa Mbeya, alipopata tuzo ya BET mwaka 2017, hamu imeongezeka, na haipiti wiki bila kijana kubisha hodi akitaka biti inayofanana na ile iliyovuma Dar es Salaam mwezi uliopita. Siwalaumu, maana nami nilianza hivyo hivyo, na biti hizo ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Ila kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini kila kinanda ndani ya kompyuta kimetegwa jinsi kilivyotegwa, wala ni nani aliyeamua kwamba mapigo yakae kwenye mistari iliyochorwa kwenye skrini. Nilivichukua vipimo hivyo kama mtu anavyochukua urefu wa mita: nilidhani viko duniani tangu mwanzo.

Maiki niliyoiweka mbele ya ligombo siku ya kwanza ilinasa kila kitu kuliko ligombo lenyewe. Sauti ya chombo hiki ni ndogo, sauti ya kumpigia mtu aliyekaa karibu nawe jioni, ilhali chumba changu kimeezekwa bati na kinapakana na kijiwe cha bodaboda. Nikamfuata fundi wa redio anayefanyia kazi zake jirani na eneo la Mashine Tatu hapa mjini, mtu ambaye kwa miaka mingi amenitengenezea spika na waya bila kunikatisha tamaa hata mara moja. Alinisikiliza, akachokora kopo lake la vipuri, akatoa kisahani cha shaba ya njano chenye duara jeupe la kauri juu yake, kile kinachotoa mlio ndani ya saa za kengele. Kinaitwa piezo. Ukikipa umeme hutetemeka na kulia, na ukikitetemesha wewe, nacho hutoa umeme. Tuliihitaji kazi yake hiyo ya pili: kukigandisha kwenye ubao ili kisikie mtetemo wa mti wenyewe, kisisikie bodaboda.

Tulipokiunganisha moja kwa moja na tundu la maiki la kompyuta, ligombo lilitoa sauti ya kijiti kinachogonga kopo. Sauti yote nzito ilikuwa imepotea. Mimi nilidhani kisahani ni kibovu, lakini fundi alisema kisahani ni kizima, ila kimepelekwa kwenye mlango usio wake, kisha akanichorea hesabu nyuma ya boksi la balbu. Piezo, alisema, ina tabia ya kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, na hiki chetu kina ukubwa wa takribani nanofaradi 20. Tundu la kompyuta lina ukinzani mdogo, yaani haliuzuii umeme sana, tuseme oomu 10,000. Viwili hivyo vikikutana hufanya chujio linalodhoofisha kila mtetemo ulio chini ya mara 800 hivi kwa sekunde, na nyuzi zote sita za Babu, kwa mtetemo wao wa msingi, ziko chini ya hapo. Ukinzani ukipandishwa hadi oomu milioni 1, kikomo cha chujio hushuka hadi mara 8 kwa sekunde, chini ya uwezo wa sikio la binadamu, na uzito wote wa sauti hupita. Akakaa jioni mbili akiunda kidude kidogo chenye transista moja na betri ya volti 9, akakiweka ndani ya kopo la bati lililounganishwa na waya wa ardhi ili lizuie mvumo wa umeme. Nilipokichomeka, nilisikia kwa mara ya kwanza ndani ya spika zangu kile ninachokisikia nikiwa nimekaa karibu na goti la Babu. Nimeandika hesabu hiyo hapa kwa sababu najua vijana wengi wamewahi kujaribu piezo, wakasikia sauti ya kopo, wakaitupa.

Nilitaka kukibandika kisahani kwa gundi kali ya dukani. Babu alikataa, akasema ubao huo umechongwa na baba yake na hataki ukwanguliwe siku kisahani kitakapotolewa. Yeye ndiye aliyeleta nta ya nyuki, akaipasha moto kiganjani, akakigandisha. Nta ilishika vizuri, na ikitolewa haiachi kovu. Tangu hapo situmii kitu kingine kwenye chombo cha mtu.

Sasa nifike kwenye uzi wa nne. Nina kawaida ya kufungua programu ya kupimia sauti kabla ya kurekodi chombo chochote cha nyuzi. Taa ikiwa ya kijani uzi umekaa sawa, ikiwa nyekundu haujakaa. Babu alipomaliza kutega, nikampigisha uzi mmoja mmoja. Wa kwanza ulikuwa kijani, wa pili ukayumba kidogo, wa tatu ukakubali, wa nne ukawa mwekundu kabisa, na taa haikubadilika kwa muda wote uzi ulipokuwa ukilia. Nikamwambia kwa heshima, "Babu, huu wa nne umeshuka. Tuuvute kidogo." Akaupiga tena, akainamisha sikio, akaupiga pamoja na wa kwanza. "Mjukuu wangu, huu umekaa," alisema. "Ukiuvuta utajitenga na wenzake." Mimi nikashikilia taa yangu. Yeye hakubishana, aliuvuta hadi taa ikawa kijani, akapiga nyuzi zote sita kwa mfululizo, akaniangalia, akasubiri.

Nilisikia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anachokiita kukaa ni jambo linalosikika, hata kwa mtu aliyezoea kinanda maisha yake yote. Mwanzoni zile sauti sita zilikuwa zinaingiana kama watu wa nyumba moja wanaoitikia wimbo. Baada ya kuvutwa, ule wa nne ulianza kuyumbayumba juu ya wenzake, sauti ikivimba na kunywea mara kadhaa kila sekunde. Akaushusha tena mahali pake, na kule kuyumba kukaisha.

Usiku huo nilipima vizuri na kufanya hesabu, kwa sababu sikutaka kukubali kwa adabu tu, nilitaka kujua. Uzi unapotetemeka hautetemeki mzima tu, bali wakati uo huo hutetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, kwa sehemu tano, sita, saba na kuendelea, na kila sehemu hutoa sauti yake ndogo ya juu. Chukua sauti ya msingi inayotetemeka mara 50 kwa sekunde. Sauti zake za asili kuanzia ya nne hadi ya tisa zitakuwa 200, 250, 300, 350, 400 na 450. Nyuzi za Babu zilikaa karibu sana na mpangilio huo, na uzi wa nne ulikuwa mahali pa ile ya saba, yaani 350. Wataalamu wa muziki wamekwisha kuandika kwamba uimbaji wa jirani zetu Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo hizo za asili, kwa hiyo jambo hili si geni katika nyanda hizi, lilikuwa geni kwangu tu. Kinanda cha kisasa kimegawa oktavu, yaani nafasi kati ya sauti moja na ile inayotetemeka mara mbili yake, katika hatua 12 zilizo sawa, ili mpigaji aweze kuanzia wimbo popote bila kutega upya, na gawio hilo halina nafasi ya sauti ya saba. Iliyo karibu nayo, ukianzia kwenye 200, hutetemeka mara 356 na ushei. Uzi mmoja ukikaa kwenye 356 katikati ya wenzake waliokaa kwenye mpangilio wa 50, sikio husikia kuyumba kwa takribani mara sita kila sekunde. Hicho ndicho nilichokisikia, na hicho ndicho taa yangu ya kijani iliniambia ni sahihi.

Nilikuwa nimepanga kuongeza kinanda chepesi chini ya wimbo. Ingekuwa zamani, ningemvuta Babu aje kwenye kinanda, au ningemrekodi kisha nikaacha programu ya kunyoosha sauti imsogeze hadi kwenye hatua iliyo karibu, kazi ya dakika moja. Safari hii nilikisogeza kinanda kwake. Wanaopima sauti hugawa kila moja ya zile hatua 12 za kinanda katika visehemu 100 vinavyoitwa senti, na programu nyingi tulizonazo zinakuruhusu kuteremsha sauti moja moja kwa senti. Nilishusha ile ya uzi wa nne kwa senti 31 na ile ya uzi wa pili kwa senti 14, nikaacha nyingine karibu zilivyokuwa. Kinanda kikatulia ndani ya ligombo kama maji ndani ya mtungi. Uwezo huo ulikuwa umekaa ndani ya kompyuta yangu kwa miaka yote, kwenye ukurasa ambao sikuwahi kuufungua.

Kwenye mapigo nilikosea hivyo hivyo na kujirekebisha hivyo hivyo, kwa hiyo sitarefusha. Niliruhusu programu iyapange mapigo ya Babu kwenye mistari, nikasikiliza, nikafuta. Badala yake nilifuata mkono wake, nikaiweka ngoma ya kompyuta mahali alipogonga yeye, na mistari ya skrini nikaizima ili isinishawishi.

Kuna mtu aliyetangulia kuvipima vyombo hivi kwa heshima, nami nilifurahi kumjua ingawa nilichelewa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodia, akafika kwa Wahehe, na ligombo ni miongoni mwa vyombo alivyorekodi. Alikuwa akisafiri na seti ya uma za chuma za kupimia sauti, na alichofanya nazo kilikuwa kuandika jinsi chombo kilivyotegwa na mpigaji wake, sauti kwa sauti, bila kukirekebisha. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Inanigusa sana kufikiri kwamba kijana wa Kalenga anayetaka kusikia ligombo la wakati wa ujana wa babu zake hulisikia kutoka kwenye hazina iliyo nchi nyingine, wakati chombo na mpigaji wake viko umbali wa nauli ya daladala kutoka mjini. Kompyuta zetu, simu zetu na maiki za bei nafuu zina uwezo mkubwa kuliko mitambo aliyoibeba mtu yule juu ya gari.

Tulipofika kwenye kava, nilidhani nimekwisha kujifunza, lakini shangazi yangu wa Ipogolo alinionyesha kwamba bado. Rafiki yangu mbunifu wa michoro alitaka kutumia nakshi za vikapu vya Iringa, vile vinavyosukwa kwa milulu, mimea ya kandokando ya maji ambayo akina mama huikata, huikausha na kuitia rangi kabla ya kuisuka. Alichora nakshi nzuri ya pembe tatu kwenye kompyuta, mraba kwa mraba, akaizungusha iwe duara kama kitako cha kikapu. Nikampelekea shangazi aione. Alifuata mistari kwa kidole kutoka katikati kwenda nje, akasimama, akasema, "Hapa amesahau kuongeza." Kikapu huanzia kitakoni kwa nyuzi chache, na kadiri kinavyotanuka msukaji huongeza nyuzi mpya, la sivyo kingefungana kuwa mrija. Pembe ya nakshi haiwezi kuwa na hesabu ile ile mzunguko wa tatu na mzunguko wa kumi. Msukaji hubeba kichwani idadi ya kila mzunguko na kujua nakshi itaanguka wapi. Mchoro wa rafiki yangu ulikuwa umevutwa tu, kama picha iliyotandazwa juu ya mpira, na mtu yeyote aliyewahi kusuka angeona kwamba hakuna mkono ungeweza kuufanya.

Rafiki yangu ni mtu mwenye moyo wa kujifunza. Alikwenda Ipogolo siku tatu mfululizo, akakaa kwenye mkeka na daftari, akaandika hesabu ya kila mzunguko kutoka kinywani mwa shangazi: anaanza na ngapi, anaongeza wapi, rangi inabadilika baada ya ngapi. Kisha akaandika programu fupi inayochora kwa kufuata hesabu hizo. Kava tuliyo nayo sasa inaweza kusukwa, na shangazi ameanza kuisuka, kikapu kizima, kwa agizo letu na kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Makava ya kushikwa mkononi tumeyachapa kwenye karatasi za Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyopo hapa mjini tangu mwaka 2003, ambao pamoja na kazi nyingine hutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Nyuzinyuzi za majani zinaonekana juu ya kila karatasi, na wino hukaa kwa namna tofauti kidogo kila mara.

Niseme jambo la haki, kwa sababu limeniumiza. Wimbo ulipokuwa bado haujakamilika, nilimtumia mtu mmoja wa mjini kipande cha sekunde 20 anisaidie kusikiliza. Baada ya wiki mbili nilikisikia ndani ya wimbo wa msanii mwingine, kimekatwa na kurudiwarudiwa, uzi wa nne umenyooshwa. Nilipompigia alisema ni muziki wa asili, hauna mwenyewe. Mwenyewe yupo, anaishi Kalenga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji na haki yake juu ya upigaji wake, na ina sehemu inayolinda hata sanaa za jadi. Kipande kimeondolewa baada ya mazungumzo marefu. Tangu siku hiyo Babu na mimi tuna makubaliano ya maandishi, jina lake liko juu ya jina langu, na kazi tunaipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, isajiliwe kabla haijatoka kwa mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kalenga na spika ndogo ili Babu asikilize kazi nzima. "Kamwene," alinipokea, tukakaa uani, upande wa jua, maana asubuhi za mwezi huu zina baridi kali. Alisikiliza mara mbili bila kusema kitu. Uzi wa nne ulipolia aliutikisia kichwa. Wimbo ulipoisha alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mbona ninaimba peke yangu? Wanaoitikia wako wapi?"

Nilikuwa nimemrekodi katika chumba nilichokiziba kwa magodoro ukutani, mlango umefungwa, kimya kabisa, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kwamba sauti safi hupatikana. Kila mwisho wa mstari alikuwa ameacha nafasi. Mimi nilizisikia nafasi zile kama utulivu wa mzee, na mbili kati yake nilizifupisha.

Tutarekodi upya, uani kwake, mahindi yakishaingia ghalani, wakati majirani wanaoujua wimbo wana nafasi ya kuja jioni. Fundi ameanza kutengeneza waya wa mita 15, ili kidude chake kikae miguuni kwa Babu nami nikae na kompyuta barazani, mbali na njia ya waitikiaji.